P2 inauzwa kimya, na ukimya huo unatugharimu

Vyuo vikifunguliwa Mbeya na Iringa, hotuba nayo huanza upya. Utaisikia kwenye redio za mikoani, kwenye vikao vya wazazi, kwenye mafungu ya maombi na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: mabinti wanameza P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya ngono, kama pipi, vizazi vinaharibika, kesho tutakosa wajukuu. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Ni mama zetu, wachungaji wetu, walimu wetu, na mara nyingine wahudumu wa afya wenyewe. Tena wanachokiona ni kweli. Dawa hii inanunuliwa sana, kuanzia maduka ya Mwanjelwa na Soweto hadi Kihesa na Mlandege. Ninachokikataa ni maana wanayoipa picha hiyo. Kidonge chenyewe kina kazi ndogo inayojulikana, na madhara yake mwilini ni madogo na ya kupita. Kinachotuumiza ni kwamba kinauzwa kimya. Anayenunua hasemi kilichotokea, anayeuza haulizi, na katika Nyanda hizi za Juu Kusini, ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko karibu kila mahali nchini, ukimya wa dakika mbili kwenye kaunta unaweza kumgharimu mtu zaidi ya mimba aliyokuwa akiikimbia.

Nianze na dawa yenyewe, maana uvumi mwingi unakaa pale ambapo maelezo hayajafika. Jina P2 limetokana na Postinor-2, pakiti ya vidonge viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja. Siku hizi kipo pia kidonge kimoja cha miligramu 1.5, na watengenezaji ni wengi, lakini dukani vyote vinaitwa P2. Dawa iliyomo ni levonojestreli, homoni ile ile iliyomo kwa kiasi kidogo zaidi katika aina nyingi za vidonge vya kila siku vya uzazi wa mpango ambavyo mama zetu wamevitumia kwa miaka mingi. Kazi yake kubwa ni kulichelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikilisubiri yai, wakati yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Kwa hiyo mimba nyingi hutokana na tendo lililofanyika siku chache kabla ya yai kutoka, na P2 hulishikilia yai hilo mpaka mbegu zife. Yai likiwa limeshatoka, dawa haina la kufanya. Ndiyo maana kila saa ina uzito: hakuna mwanamke anayejua kwa hakika kama yai lake litatoka usiku wa leo au keshokutwa.

Uzito wa saa hizo umepimwa. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha karibu wanawake 2,000 katika nchi mbalimbali. Kwa waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24 tangu tendo, dawa ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Kwa waliomeza kati ya saa 25 na 48, ilizuia asilimia 85. Kwa waliosubiri hadi kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba mteremko huo si mkali kiasi hicho, na kwamba dawa bado inaweza kusaidia kiasi fulani hadi siku ya tano, lakini hakuna iliyosema kuchelewa ni salama. Saa 72 zinazotajwa kila mahali watu wamezifanya kama siku ya mwisho ya kulipa ada: mradi sijapitiliza, niko sawa. Mwili haufanyi kazi hivyo. Anayemeza Jumamosi asubuhi na anayemeza Jumatatu jioni baada ya tendo lisilo na kinga la Ijumaa usiku wote wamo ndani ya saa 72, lakini hawana kinga sawa.

Kuna hesabu nyingine tunayokosea, nayo ndiyo inayolisha uvumi wote uliobaki. Si kila tendo lisilo na kinga huleta mimba. Likichukuliwa tendo moja katika siku yoyote bila kuchagua, uwezekano wa mimba ni kama 3 hadi 5 kati ya 100. Watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, wakachapisha matokeo yao mwaka 1995, waligundua kwamba mimba zote zilitokana na matendo ya ndani ya siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka. Uwezekano ulikuwa kama 1 kati ya 10 siku tano kabla, ukapanda hadi 1 kati ya 3 siku yenyewe. Nje ya siku hizo hakuna aliyeshika mimba. Maana yake ni nini kwa binti wa Iyunga aliyepasukiwa na kondomu? Kwanza, asikate tamaa, maana inawezekana kabisa hakuwa kwenye hatari yoyote. Pili, asijidanganye kwamba anazijua siku zake kwa sababu alifundishwa kidato cha pili kuhesabu hadi siku ya 14. Mtihani, safari, homa, msiba, vyote vinaweza kusogeza siku ya yai. Tatu, na hili ndilo silisikii likisemwa, uzoefu wake mwenyewe ni mwalimu mbovu. Aliyemeza P2 mara sita bila kushika mimba anaamini ana ukuta wa zege. Mwenzake aliyekunywa maji ya chumvi au chai ya rangi kali mara sita naye anaamini vivyo hivyo, na atamshauri mdogo wake. Kwa matendo mengi kati ya hayo mimba isingetokea hata kama wote wawili wangekunywa maji matupu.

Sasa niwageukie wanaoipinga dawa hii, maana hoja zao hazilingani uzito.

Wapo wanaosema P2 ni kutoa mimba. Hoja hii naiheshimu kwa sababu inatoka kwenye dhamiri, na mtu wa imani ana haki ya kuuliza anachomeza kinafanya nini. Jibu limechunguzwa kwa njia ya moja kwa moja: wanawake waliopimwa na kuonekana kwamba walimeza dawa hii baada ya yai kutoka walishika mimba kwa kiwango kile kile ambacho wangeshika bila dawa. Kama ingekuwa inazuia yai lililorutubishwa lisijishikize, hilo lisingetokea. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya moja ya dawa za aina hii ili yaseme wazi kwamba haiathiri mimba kujishikiza. Na mwanamke aliyekwisha kushika mimba akimeza, mimba haitoki na mtoto hadhuriki. Anayepinga uzazi wa mpango wa kisasa kwa misingi ya kanisa lake au msikiti wake anaweza kuendelea kupinga kwa misingi hiyo. Asilete jina la kutoa mimba. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inaruhusu jambo hilo pale tu maisha ya mama yanapookolewa, na bado watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba zipatazo 405,000 nchini, nyingi kwa njia zisizo salama. Kidonge kinachomezwa kwa wakati kinapunguza idadi ya wanaofika kwenye mlango huo.

Wapo wanaosema inaharibu kizazi. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyosambaa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Hakuna ushahidi kwamba levonojestreli, hata ikirudiwa, inaleta ugumba. Homoni hiyo huisha mwilini ndani ya siku chache, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi kiasi kwamba mwanamke aliyemeza Jumatatu akakutana na mwenzake bila kinga Alhamisi anaweza kushika mimba mwezi huo huo, maana yai lililocheleweshwa bado linakuja. Imani ya kuharibika imetoka wapi basi? Imetoka kwenye damu. P2 huvuruga mzunguko wa mwezi ule: hedhi huwahi au huchelewa, matone hutoka katikati, kichefuchefu na kichwa kuuma huja kwa siku moja au mbili. Anayemeza mara tatu ndani ya mwezi mmoja hawezi tena kujua hedhi yake iko wapi, na mtu akipoteza hesabu ya hedhi huona kizazi kimepotea. Halafu miaka mitano baadaye kweli anakosa mtoto, na kila mtu anakumbuka P2. Hakuna anayekumbuka kisonono na klamidia. Magonjwa hayo mawili, yasipotibiwa, hupanda na kuziba mirija ya uzazi, na kwa wanawake wengi hayana dalili kabisa. Yaliingia usiku ule ule ambao kinga haikuwepo au ilipasuka, na P2 iliyomezwa asubuhi haikuyagusa kwa sababu haikuwa kazi yake. Tukimwambia binti kwamba kidonge ndicho kilichomharibu, tunamzuia kumeza kidonge ambacho kingemsaidia na hatumpeleki kupima ugonjwa ambao ungetibika.

Wapo wanaosema inachochea uasherati. Hapa nitasema ukweli wote, hata ule usionisaidia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2007 yaliwalinganisha wanawake waliopewa dawa hii mapema wakae nayo nyumbani na wale waliotakiwa kuifuata wanapoihitaji. Waliokaa nayo hawakuongeza ngono isiyo salama wala magonjwa ya zinaa. Hilo linaondoa hofu ya uasherati. Lakini mapitio yale yale yalionyesha pia kwamba mimba hazikupungua kwa jumla katika kundi lililopewa dawa mapema. Wanaoitetea P2 hawapendi kulitaja, na mimi nalitaja kwa sababu ndilo linalonifikisha kwenye hoja yangu. Kidonge kilichowekwa kwenye kabati bila maongezi hakibadilishi mengi. Mtu hakimezi kwa sababu anadhani siku ile haikuwa ya hatari, au anakimeza usiku mmoja na kusahau usiku mwingine uliofuata.

Na wapo wanaosema watu wameigeuza njia ya kila mwezi. Hii ni hoja nzito, na wanaoitoa wako sahihi. Anayetegemea P2 kwa kila tendo anajikusanyia uwezekano wa kushindwa mara kwa mara, wakati sindano, vipandikizi au kitanzi vingemlinda vizuri zaidi kwa miezi au miaka, tena bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ila niulize: kwa nini mwanafunzi wa miaka 20 anatoa hela mfukoni kila mara kununua kinga hafifu na kuacha iliyo imara inayotolewa bure? Kwa sababu kwenye duka la dawa hakuna anayemuuliza kama ameolewa. Kwenye zahanati ataulizwa, mbele ya foleni ya mama zake wadogo waliokuja kliniki ya watoto, na kabla hajafika nyumbani habari imetangulia. Amechagua duka kwa sababu ya ukimya wake. Kumlaumu kwa chaguo hilo, huku sisi ndio tuliomjengea foleni ile, si haki.

Ukimya huo huo unaompa faragha ndio unaomwacha wazi kwa lililo kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 15 na zaidi, maambukizi yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mikoa mitatu jirani, kwenye barabara moja kuu, ndiyo inayoongoza. Sasa fikiria kondomu iliyopasuka Makambako, Mafinga au Tunduma. Usiku ule zinaanza kuhesabika saa za aina mbili kwa pamoja. Za kwanza ni za mimba. Za pili ni za VVU, na kwa bahati zina ukomo ule ule: dawa za kinga zinazoitwa PEP zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Watu wetu wameshika namba 72 na kuifunga kwenye P2 peke yake. Nimewasikia wasomi kabisa wakisema baada ya kumeza, “nimeshajikinga.” Wamejikinga na mtoto. Na kirusi hawajajikinga hata chembe, na wakati wanapumua kwa nafuu saa za pili zinaendelea kwenda.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Mimba ya bahati mbaya ina maumivu yake, na sitaki kuyapunguza. Songwe, mkoa uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ndio ulioongoza nchi nzima katika utafiti wa afya wa mwaka 2022: wasichana 45 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, wakati kitaifa ni 22. Najua maana ya tarakimu hizo kwa binti aliyetaka kuwa muuguzi. Hata hivyo, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni, na jamii imeanza taratibu kujifunza kuwapokea. VVU havina likizo ya kujifungua. Na kuna jambo moja la kusema kwa uadilifu: mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake na ambaye virusi vyake vimefubazwa, haambukizi kwa ngono. Hatari iko kwa asiyejua hali yake, na mara nyingi ni yeye anayesema “niamini.” Kwa hiyo swali la kumuuliza aliyepasukiwa na kondomu linahusu upimaji na dawa. Tabia ya mwenzake hatuhitaji kuijadili kwenye kaunta.

Niliwahi kusimama nyuma ya kijana mmoja kwenye duka la dawa mjini Mbeya, jioni ya Jumapili. Alitaja herufi moja na tarakimu moja, akaweka hela, akapewa pakiti kwenye kimfuko, akaondoka. Hakuulizwa tukio lilikuwa lini. Hakuulizwa kama huyo dada anatumia dawa nyingine yoyote. Zamu yangu ilipofika niliomba dawa ya mafua, na muuzaji, binti mpole mwenye adabu, akaniuliza kama nina presha. Alikuwa amefundishwa kuuliza. Kwa P2 alikuwa amefundishwa, na sisi sote, kutazama pembeni.

Maswali hayo si urembo. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, au baadhi ya dawa za kifafa, mwili wake huivunja levonojestreli upesi, na dozi ya kawaida inaweza isitoshe. Ilikuwa hivyo pia kwa efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika hapa kwa miaka mingi kabla ya wengi kuhamishiwa dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo. Katika mikoa yenye VVU na kifua kikuu kama yetu, hao si watu wachache. Mwanamke mwenye uzito mkubwa naye anaweza kupata kinga pungufu. Aliyetapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza anatakiwa kumeza tena. Kwa wote hawa ipo njia ambayo sijawahi kusikia ikitajwa kwenye duka la dawa: kitanzi cha madini ya shaba kikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku 5, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, hakijali uzito wala dawa nyingine, na kinaendelea kumlinda kwa miaka hadi 10 au zaidi asipokitoa. Kwa upande mwingine wapo wanaomeza P2 bila haja. Dada aliyechelewa kurudia sindano yake ya miezi mitatu kwa wiki mbili bado yuko ndani ya muda ambao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu achomwe tu na kuendelea, maana muda huo hufika wiki 4. Aliyesahau kidonge kimoja cha kila siku chenye mchanganyiko wa homoni mbili anatakiwa akimeze mara akikumbuka, si kukimbilia dukani. Hela na hofu za watu hawa zingeokolewa na sentensi moja.

Tena saa 72 za mjini si saa 72 za kijijini. Aliye Mafiati anavuka barabara na kupata duka usiku. Aliye kijiji cha mbali cha Makete au Ludewa, ajali ikimkuta Ijumaa saa nne usiku, Jumamosi anaamka akijadiliana na nafsi yake, Jumapili yuko kanisani na hakuna usafiri wa maana, Jumatatu anadamka kwenda njiapanda na mvua ikiwa imenyesha gari linachelewa. Akifika mjini Jumatatu jioni ana saa chache mkononi kwa ajili ya P2 na saa hizo hizo chache kwa ajili ya PEP, na PEP haiuzwi pale anaponunua P2. Itabidi aende hospitali au kituo chenye huduma za CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, na Jumatatu jioni hatamkuta mtu wa kumsikiliza kwa urahisi. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa siku tatu za kwanza methali hiyo si kweli, na ni lazima tuache kuisema mbele yao, kwa sababu anayeiamini hukaa ndani na kulia wakati ambapo angepaswa kuwa njiani.

Je, tunaweza kubadilisha kaunta bila kuvunja faragha yake? Naamini tunaweza, na ukanda wetu una sababu ya kuamini hivyo. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, haya yanayohudumia vijiji na miji midogo nchi nzima, ulianzia majaribio Ruvuma mwaka 2003. Maduka yaliyokuwa yakiuza chochote kwa yeyote yalipewa mafunzo, vibali na ukaguzi, na wauzaji wakajifunza kumuuliza mama maswali kuhusu mtoto mwenye homa kabla ya kumpa dawa. Kilichowezekana kwa malaria kinawezekana kwa hili. Wapo watakaosema maswali yatawafukuza wateja, na kijana yule wa Jumapili angegeuka na kuondoka. Angegeuka kama angeulizwa ameoa lini. Asingegeuka kama muuzaji, akifunga kimfuko, angesema kwa sauti ya chini: ilikuwa lini; mwenzio anatumia dawa yoyote ya muda mrefu; na je, kuhusu VVU mnajua hali zenu? Maswali matatu, majibu ya neno moja moja, bila jina na bila daftari.

Mwanamume naye yumo katika hili. Yeye ndiye hutumwa dukani, na kwa kawaida hudhani kazi yake imeishia kulipa. Ni yeye anayejua kondomu ilipasuka saa ngapi, alikuwa na nani mwezi uliopita, na mara ya mwisho alipimwa lini. Nikisikia hotuba inayowataja mabinti mara ishirini na wavulana mara sufuri, najua msemaji hajawahi kutazama ni nani amesimama kwenye foleni.

Baada ya kumeza, hedhi inatakiwa kuja ndani ya wiki moja kutoka siku iliyotarajiwa. Ikipita hapo, kipimo cha mkojo kinauzwa pale pale, na wiki 3 baada ya tendo jibu lake linaaminika. Kipimo cha VVU kina ratiba yake, na mhudumu atakupa tarehe. Ndani ya wiki hizo mwanamke anaweza kuzungumza na mtu kuhusu njia ya muda mrefu, ikiwa tutamtengea hata chumba kimoja na saa moja ya jioni isiyo na foleni ya kliniki ya watoto.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa mikoa yetu ni karatasi. Moja tu, ibandikwe ndani ya kila duka la dawa kuanzia Tunduma hadi Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo macho ya mnunuzi yanatua anaposubiri chenji. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: kondomu ikipasuka una saa 72 za mimba na saa 72 za VVU, hapa unapata dawa ya kwanza, ya pili nenda kituo hiki. Chini yake yaandikwe majina ya vituo viwili vya karibu vinavyotoa PEP, chumba cha kuingia moja kwa moja bila kupitia mapokezi, na saa vinazofunguliwa Jumamosi na Jumapili.